Kori Zinazopotea Ndani ya Mashine Pepe: Kabla Hujanunua Kompyuta Kubwa Kitale au Bungoma

Chukua laptopu ya HP EliteBook 840 G3, mojawapo ya zile za ex-UK zilizojaa madukani, yenye prosesa ya Intel Core i5-6300U. Iulize Windows iliyomo kuna kori ngapi, utaambiwa mbili. Weka VirtualBox, unda mashine pepe (kompyuta inayoishi ndani ya kompyuta) ya Ubuntu, ipe prosesa nne, kisha uandike amri ya lscpu. Utaambiwa nne. Sasa futa kila kitu, weka Linux na KVM, mtambo wa mashine pepe wa Linux yenyewe, na ndani yake mashine pepe ya Windows 10 Home. Ipe prosesa nne zile zile, ila uache kila moja ijitambulishe kuwa imekaa kwenye soketi yake peke yake. Fungua Task Manager: moja.

Mbili, nne, moja, na kompyuta ni ile ile. Tatizo hili halikai maabara tu, maana lina bei. Mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Kibabii au wa Kitale National Polytechnic anaona mashine pepe yake ikijikokota, anampigia baba simu kuomba pesa za laptopu nyingine. Mwenye agrovet Kitale anaona mfumo wake wa mauzo ukigoma Machi, mvua ikianza na foleni ya mbegu na mbolea ikitoka nje hadi barabarani, na fundi anamwambia “server imezeeka”. Wote wawili huenda wakalipa makumi ya maelfu kutibu kosa ambalo dawa yake ni kuzima mashine pepe, kubadilisha tarakimu mbili na kuiwasha tena. Kwa hivyo makala haya yanalinganisha gharama, lakini yanaanza na machaguo yasiyogharimu hata shilingi.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu yenyewe. Fikiria posho mill. Jengo ndilo soketi. Mota zilizo ndani ya jengo ndizo kori. Kuna mota zenye mdomo mmoja wa kutilia mahindi na zenye midomo miwili. Huo mdomo ndio uzi. Mota yenye midomo miwili haikai bure, kwa sababu upande mmoja ukiisha mahindi upande wa pili unaendelea, kwa hivyo unga hutoka mwingi zaidi. Lakini haijawa mota mbili. Ile i5-6300U ni jengo moja, mota mbili, midomo minne.

Programu ya mashine pepe huchukua midomo hiyo na kuitangaza upya kwa mfumo mgeni inavyotaka. VirtualBox huitangaza kama mota kamili zilizo ndani ya jengo moja. Ndiyo maana Ubuntu inaapa kuna kori nne mahali zilipo mbili. KVM, hasa inapoendeshwa kwa virt-manager, programu ya kuisimamia kwa madirisha, kwa miaka mingi imeweza kuitangaza kama majengo manne yenye mota moja moja. QEMU, programu inayoibeba KVM, ilibadilisha mtindo huo wa kupendelea soketi katika toleo la 6.2 la Desemba 2021. Hata hivyo mashine zilizoundwa kabla ya hapo hubaki na tangazo lao la zamani, na chombo kinachoiongoza QEMU bado kinaweza kuipa hesabu yake chenyewe.

Na majengo yana leseni. Windows Home inakubali soketi moja tu. Windows Pro inakubali mbili. Pro for Workstations inakubali nne. Hizi si kanuni za umeme wala za fizikia. Ni masharti ya biashara ya Microsoft. Ukiipa Windows Home soketi nne zenye kori moja moja, inachukua ya kwanza na kuziacha tatu zikae bure. Haitoi onyo lolote. Mtumiaji anaona tu kompyuta nzito.

Hapa ndipo pesa za kwanza hupotea. Ukiuliza mtaani utaambiwa “nunua Pro”. Kupandisha Home kuwa Pro kupitia duka la Microsoft kumekuwa dola 99, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni karibu Sh12,800. Utapata nini kwa pesa hizo? Soketi mbili badala ya moja. Yaani kati ya kori nne ulizotoa utatumia mbili, na mbili zitaendelea kulala. Njia nyingine ni kuzima mashine pepe, kufungua virt-manager, kwenda sehemu ya CPU, kuweka alama kwenye kisanduku cha kupanga topolojia mwenyewe, kisha kuandika soketi 1, kori 4, uzi 1. Ukiwasha, Home itaziona zote nne. Kwenye Proxmox, mfumo wa seva wa kuendesha mashine pepe, kuna visanduku viwili, cha soketi na cha kori: acha soketi iwe moja, ongeza kori. VMware Workstation nayo inauliza idadi ya prosesa na idadi ya kori kwa kila prosesa. Andika moja kwa nne. Gharama ni sifuri. Pro ina faida zake, Hyper-V na BitLocker zikiwemo, lakini usiinunue kwa sababu hii.

Sasa tuje kwa agrovet, maana hapo kosa hili hujificha vizuri zaidi. Mifumo mingi ya mauzo inayouzwa kwa biashara ndogo huweka rekodi zake kwenye SQL Server Express, programu ya hifadhidata ya Microsoft, kwa sababu haina malipo. Express ina mipaka iliyoandikwa wazi: hutumia soketi moja au kori nne, kwa kufuata kile kilicho kidogo. Hadi toleo la 2022 kila hifadhidata haikuruhusiwa kuzidi GB 10 (toleo la 2025 limepandisha hadi GB 50), na kumbukumbu ya kuhifadhia data inayosomwa mara kwa mara ni kama GB 1.4. Soma tena mpaka wa kwanza. Fundi akiiweka Express kwenye mashine pepe yenye soketi nne za kori moja moja, itatumia kori moja. Akiiweka kwenye soketi moja yenye kori nne, itatumia zote nne. Mashine ni hiyo hiyo, leseni ni hiyo hiyo ya bure, na kazi inaweza kutofautiana sana pale watu watano wanapotoa risiti kwa wakati mmoja. Ubaya ni kwamba hata ukiwa na Windows Server inayoziona soketi zote, Task Manager itakuonyesha prosesa nne zenye afya njema, moja ikitoka jasho na tatu zimetulia. Fundi asiyejua mpaka wa Express atasema diski ni mbovu. Na mwenye duka ambaye tayari anahangaika na ankara za eTIMS za KRA hana muda wa kubishana.

Akishauriwa anunue Windows Server ili “mfumo upumue”, apige hesabu kwanza. Leseni ya Windows Server 2025 Standard ilitangazwa kwa dola 1,176, karibu Sh152,000, na inauzwa kwa kori: kiwango cha chini ni kori 16 kwa kila seva. Kompyuta ya mezani yenye kori nne inalipia 16. Leseni za watumiaji zinalipiwa kando. Tangu toleo la 2017, SQL Server, Express ikiwemo, inaweza kukaa juu ya Linux. Kwa hivyo swali la kumuuliza aliyekuuzia mfumo wa mauzo ni moja: unakubali hifadhidata ikae kwenye Ubuntu? Akikubali, Sh152,000 zinabaki mfukoni. Akikataa, mwambie akuonyeshe kwenye skrini soketi ziko ngapi kabla hujatoa hela yoyote.

Kwa mwanafunzi hesabu inageuka. Yeye shida yake si kori kupotea bali kori kuongezwa uongo. VirtualBox imemwambia ana nne, naye ameipa mashine pepe zote nne. Kumbe laptopu ina mbili, na Windows iliyo chini yake nayo inataka kula. Matokeo ni vita vya mwenyeji na mgeni, na wote wanashindwa. Mwongozo wa VirtualBox wenyewe unashauri usiipe mashine pepe kori zaidi ya zile halisi, bila kuhesabu nyuzi. Kwa laptopu ya kori mbili, ipe mashine pepe moja, au mbili ukiwa umefunga kivinjari. Mara nyingi itaenda kasi zaidi kuliko ilivyokuwa na nne. Ni jambo la kushangaza hadi ulijaribu.

Kabla ya kuilaumu prosesa, tazama pia chini kulia kwenye dirisha la mashine pepe. Ukiona kobe wa kijani, VirtualBox inakuambia kwamba Hyper-V, mtambo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, imeshika usukani, na VirtualBox inapitia mlango wa nyuma. Kinachosababisha hivyo mara nyingi ni kipengele cha Memory integrity kilicho kwenye Windows Security. Ukikizima unapunguza kinga fulani ya kompyuta, kwa hivyo amua ukijua. Na kama mashine pepe inakataa kuwaka kabisa, ingia kwenye BIOS uwashe Intel Virtualization Technology. Tangu VirtualBox 6.1 ya Desemba 2019, bila hiyo hakuna safari.

Tuseme umeshafanya yote hayo na bado unahitaji mashine mpya. Hapa wanunuzi wa Kitale na Bungoma huumizwa na kitu kimoja: herufi i na tarakimu inayofuata. Laptopu ya ThinkPad T470 au EliteBook 840 G4 yenye Core i7-7600U ina kori mbili na nyuzi nne. Ndugu zake za mwaka uliofuata, T480 na 840 G5, zenye Core i5-8250U au 8350U, zina kori nne na nyuzi nane. Ndiyo, i5 inazo mara mbili ya i7. Intel iliongeza kori kwenye prosesa za laptopu ndogo kuanzia kizazi cha nane, Agosti 2017, na hapo hapo ndipo Microsoft ilipochora mstari wa Windows 11 kwa karibu prosesa zote za Intel. Kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, i7 ya kizazi cha saba inakuacha pabaya mara mbili. Muuzaji akiitisha Sh5,000 zaidi kwa i7 hiyo kuliko i5 ya kizazi cha nane, anakuuzia stika.

Kompyuta za mezani hazina ujanja huo mwingi. OptiPlex ya Dell yenye i5-6500 ina kori nne na nyuzi nne, hesabu inalingana. Yenye i5-8500 ina sita kwa sita. Ndiyo maana kwa duka, shule au sacco ndogo napendelea ya mezani: unachoona ndicho unachogawa. Laptopu nyingi mpya za Intel za kizazi cha 12 na kuendelea zina kori za aina mbili, kubwa na ndogo. Core i5-1235U, kwa mfano, inatangazwa kuwa na kori 10, lakini mbili tu ndizo kubwa. Mashine pepe haijui tofauti hiyo. Kwake zote ni kori.

Chaguo la tatu ni kukodi mashine pepe kwenye wingu. Watu wanalikimbilia kwa sababu bei ya mwezi inaonekana ndogo. DigitalOcean imekuwa ikitangaza mashine ya vCPU (prosesa pepe) mbili na RAM ya GB 4 kwa dola 24 kwa mwezi. Kwa shilingi 129 hiyo ni Sh3,096 kwa mwezi, au Sh37,152 kwa mwaka. Huduma za kidijitali kutoka nje hutozwa VAT ya asilimia 16 Kenya, na hapo mwaka unakuwa karibu Sh43,100. Na hizo vCPU mbili si kori mbili. Kwenye mashine nyingi za wingu zenye prosesa za Intel, Amazon ikiwemo, vCPU moja ni uzi mmoja, kwa hivyo mbili ni kori moja halisi. Kwenye mipango ya bei nafuu hata uzi huo unagawana na wapangaji wengine. Andika amri ya top na utazame tarakimu iliyo kando ya “st”: huo ni muda ambao mashine yako ilitaka kufanya kazi ikaambiwa ingoje. Ukiona inapanda mara kwa mara, unalipia kori ambayo jirani anaitumia.

Linganisha na OptiPlex ya mtumba. Tuchukue umeinunua kwa Sh20,000 na UPS kwa Sh8,000, na inakula wati 40 usiku na mchana. Hiyo ni uniti 28.8 kwa mwezi. Kwa Sh30 kwa uniti ni Sh864, au Sh10,368 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza jumla ni Sh38,368, na mwaka wa pili ni stima tu. Wingu linakudai Sh43,100 kila mwaka, kwa kori moja halisi badala ya nne. Weka bei ulizopata wewe mahali pa hizi zangu. Mwelekeo hautabadilika sana.

Lakini wingu lina mahali pake. Kama wateja wanaifikia huduma kutoka nje, au duka lina matawi Kitale, Kiminini na Webuye yanayosoma hifadhidata moja, OptiPlex iliyo chini ya kaunta ni kazi ya kulea. Intaneti nyingi za nyumbani na za maduka madogo hazikupi anwani ya kudumu, na stima ikikatika tawi la Webuye linalala na la Kitale. Mwanafunzi naye ana mlango wa Azure for Students: salio la dola 100 kwa miezi 12 bila kadi ya benki, iwapo barua pepe ya chuo chake inatambulika. Kwa zoezi la muhula mmoja, hilo linashinda kukopa pesa za laptopu.

Kuhusu programu zenyewe, bei imekoma kuwa kigezo. VirtualBox ni bure, ingawa Extension Pack yake ina masharti kwa biashara. Proxmox ni bure ukikubali kuishi bila mkataba wa msaada. VMware Workstation Pro ilikuwa ya kulipia kwa miaka mingi. Broadcom, iliyoinunua VMware Novemba 2023, iliifanya bure kwa matumizi binafsi Mei 2024, na kwa biashara pia Novemba mwaka huo. Hiyo ni Workstation, si mitambo ya seva, ambayo leseni zake sasa huhesabiwa kwa kori na zinaanzia kori 16 kwa kila prosesa. Mwanafunzi aanze na VirtualBox. Duka liweke Proxmox. Anayetaka kuendesha Windows ndani ya Windows kwa kazi ya kila siku ajaribu Workstation.

Ukifika kaunta, usiangalie jina la prosesa kwenye ukurasa wa System peke yake. Jina hilo husomwa kutoka kwenye rejista ya Windows, na linaweza kuandikwa upya na mtu mwenye nia mbaya. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, kisha CPU, usome mistari ya Sockets, Cores na Logical processors. Ukikuta Virtual machine: Yes, umo ndani ya mashine pepe na hesabu hiyo usiiamini. Ukikuta kori chache kuliko za namba ya prosesa, ingia msconfig, Boot, Advanced options, utazame kama kuna aliyeweka kikomo cha prosesa. Baadhi ya BIOS, za Dell zikiwemo, nazo zinaruhusu kuzima kori. Kipimo ninachokiamini zaidi ni flashi yenye Ubuntu: washa kompyuta kutoka kwenye flashi, andika lscpu, soma. Muuzaji mwenye bidhaa safi hatakataa dakika kumi.

Kesi za kori zimewahi kufika mahakamani. Marekani, wanunuzi wa prosesa za AMD FX zilizotangazwa kuwa na kori nane walidai kwamba kori hizo zilikuwa zikigawana viungo muhimu, hivyo hazikustahili kuhesabiwa nane. AMD ilikubali mwaka 2019 kulipa dola milioni 12.1 kumaliza kesi. Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012, inayokataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo kuhusu bidhaa, na Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Kote huko maandishi ndiyo yatakayokusaidia.

Uamuzi wangu basi. Mwenye agrovet, sacco au shule: panga upya soketi kwanza, fanya kazi wiki nzima ya msongamano, kisha ndipo uulize bei ya OptiPlex ya kori nne au sita, na pesa zinazobaki zitie kwenye RAM na SSD. Mwanafunzi: kama una laptopu ya kori mbili, ishi nayo kwa mashine pepe nyepesi ya prosesa moja, na ukinunua, usishuke chini ya i5 ya kizazi cha nane. Pro usiinunue kwa ajili ya kori. Na ukilipa, iwe Kitale au Bungoma, omba risiti iandikwe namba kamili ya prosesa pamoja na idadi ya kori na nyuzi zake. Risiti iliyoandikwa “laptop i7” pekee haitakusaidia mbele ya hakimu.